Kompyuta ya kurekodi gemu: tazama enkoda kabla ya prosesa

Ndugu yangu, umeuliza kama ni lazima utafute mashine yenye prosesa ya Core i7 ili urekodi mechi zako za gemu ya mpira kwa ubora wa 1080p. Kwa niliyoyapitia mwenyewe kwa miaka kadhaa, jibu langu ni hapana.

Nilianza na HP EliteDesk 800 G1 iliyotumika, ile nyembamba ya maofisini, yenye Core i5 ya kizazi cha nne na RAM ya GB 8, na baadaye nikaiongezea kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti. Gemu ilikwenda vizuri kabisa, lakini nilipofungua video niliyorekodi kwa OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, nilisikitika sana: winga anapiga krosi, picha inaganda, na inapozinduka mpira umeshalala wavuni. Bao lenyewe, ambalo ndilo lililonifanya nirekodi, halikuwemo. Sababu ni kwamba niliiacha OBS kwenye x264, njia inayoitwika prosesa kazi ya kubana video, ilhali prosesa hiyo ya kore nne ilikuwa tayari imeelemewa na gemu. Nilipobadilisha mpangilio mmoja tu, nikachagua NVENC, yaani enkoda (sehemu inayobana video) iliyomo ndani ya kadi yenyewe, kuganda kule kuliisha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuchunguza ni enkoda, na hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. GT 1030 ni kadi ya Nvidia, lakini haina NVENC. RX 6400 na RX 6500 XT za AMD ni mpya kuliko 1050 Ti, nazo pia hazina enkoda ya video. Prosesa nyingi za Intel tangu kizazi cha pili cha Core, cha mwaka 2011, zina Quick Sync inayoifanya kazi hiyo, ila zile ambazo namba yake inaishia na herufi F, kama i5-9400F, hazina grafiki za ndani, na kwa hiyo Quick Sync haimo.

Ukinunua mashine nyembamba kama yangu, kumbuka kwamba pawa saplai yake ni ya wati 240 tu na kasha halipokei kadi za kimo cha kawaida. 1050 Ti ilinifaa kwa sababu inatumia wati 75, kiasi ambacho sloti yenyewe inaweza kutoa bila waya wa ziada, na lipo toleo lake la kimo kifupi (low profile). Baadhi ya matoleo huhitaji waya huo, basi ikague kadi kwa macho kabla ya kulipa.

RAM, weka GB 16, mbili za GB 8 kila moja, kwa kuwa zikiwa mbili hufanya kazi kwa kasi zaidi kuliko moja.

Kuhusu diski, watu huogopa bure. Mimi hurekodi kwa megabiti 20 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 2.5, yaani takriban GB 9 kwa saa, na hata HDD ya kawaida, diski ya kuzunguka, huandika kasi hiyo bila shida. Tatizo huja pale Windows, gemu na rekodi vinapogombania HDD hiyo moja. Windows na gemu viweke kwenye SSD, diski yenye kasi zaidi, HDD uiachie rekodi.

Umeme nao ni sehemu ya vifaa. Nilipoteza rekodi ya fainali nzima umeme ulipokatika, kwa sababu faili la MP4 la kawaida lisipofungwa vizuri halifunguki tena. Tangu hapo hurekodi kwa MKV, ambayo hubaki na kila kilichokwisha kuandikwa, kisha naigeuza kuwa MP4 ndani ya OBS yenyewe kwa dakika chache. UPS ndogo nayo, betri ya akiba inayokupa muda wa kuzima kwa utaratibu, naiweka mbele ya maikrofoni ya gharama.

Ukifika dukani, beba OBS kwenye flashi na umwombe muuzaji akuwashie mashine. Fungua mipangilio ya rekodi, tazama orodha ya enkoda, kisha rekodi dakika tano za gemu na uitazame video hapo hapo. Ukikuta orodha ina x264 peke yake, usilipe.