Huyo anayeguna ni Gould mwenyewe

Unauliza kama rekodi yako ya Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, ni mbovu kwa kuwa kuna mtu anaguna na kitu kinakwaruza? Haina kasoro, mkuu. Hiyo sauti ya mtu anayeguna nyuma ya piano Gould anapopiga muziki wa mtunzi Bach ni yake mwenyewe. Alikuwa hapigi bila kuimba, na mafundi mitambo walishindwa kumnyamazisha. Ule mlio wa kukwaruza nao ni kiti chake. Baba yake alikifupisha miguu, Gould akawa anakaa chini mno, na hakukiacha hata kilipochakaa.

Goldberg Variations, tungo za Bach, alizirekodi 1955, dakika 38 hivi, kisha tena 1981, takribani 51. Mimi naichagua ya pili. Vaa spika za masikioni, sikiliza ile aria ya mwanzo, yaani kipande cha kufungulia: anaipiga taratibu mno hadi unadhani atasimama.