Kwa mnaoanza tafiti za ugavi wa dawa: hiyo sifuri msiiguse kwanza

Kila msimu wa mapendekezo ya utafiti mambo ni yaleyale. Kijana kapata data za zahanati za Uvinza na Kasulu, kule Kigoma, kashazimimina kwenye modeli ya kompyuta ya kukisia mahitaji ya dawa, na leja (daftari la dawa zinazoingia na kutoka) hata moja hajaifungua. Wadogo zangu, tuelewane mapema.

1. Sifuri. Mkikuta matumizi ya dawa mseto ya malaria ni 0, msikimbilie kuandika kwamba wagonjwa hawakuwepo. Tazameni safu ya siku ambazo dawa ilikosekana. Tuseme zahanati imetoa dozi 240 ndani ya siku 90, na kwa siku 30 shelfu ilikuwa tupu. Ukigawa kwa miezi mitatu unapata 80 kwa mwezi. Ukigawa kwa zile siku 60 dawa ilipokuwepo, kisha ukazidisha kwa 30, unapata 120. Aagizaye 80 ataishiwa mapema, leja itaonyesha matumizi madogo zaidi, na modeli itashusha makisio tena. Uhaba sasa unatengenezwa na modeli, nanyi mnaisifia usahihi kwa kuwa imelingana na leja!

Dawa ikikosekana robo mwaka nzima, hakuna cha kugawa: acheni nafasi wazi, kisha mkisie kutokana na msimu kama huo wa mwaka mwingine. Na msirekebishe zahanati moja bila kumtazama jirani. Mgonjwa aliyekosa dawa huku huenda aliipata kule. Mkipandisha zote mbili, mmemhesabu mara mbili.

2. Vizio vya kuhesabia. Dawa mseto ina pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24, kufuata uzito wa mgonjwa. Ya 24 ikiisha, mhudumu humpa mtu mzima pakiti nne za vidonge 6. Kwenye jedwali lenu itaonekana watoto wa kata nzima wameugua ghafla na wazazi wao wote wamepona. Msije mkaliandikia hilo sura ya tasnifu! Geuzeni kila kitu kiwe vidonge, jumlisheni, ndipo mtabiri. Kugawanya kwa ukubwa wa pakiti kuje mwisho. Na takwimu ikiruka mara 30, kagueni kwanza kama aliyekuwa anaandika maboksi hakuanza kuandika dozi.

3. Data ya kufundishia modeli na ya kuipimia hukatwa kwa tarehe, haichanganywi kama karata. Modeli iliyoona Machi haina sifa ya kutabiri Februari. Na bila miezi 24 msizungumzie msimu.

4. MAPE, yaani wastani wa asilimia ya kosa la makisio, hugawa kwa matumizi halisi, kwa hiyo sifuri ya kweli huivunja. Tumieni MASE ya Hyndman na Koehler (2006), inayopima kosa la modeli kwa kulilinganisha na kosa la makisio rahisi. Kwa dawa zinazotoka kwa nadra, kama ya sumu ya nyoka, anzeni na mbinu ya Croston (1972), inayokisia kando kiasi kinachotoka na muda unaopita kati ya utokaji mmoja na mwingine, pamoja na marekebisho ya Syntetos na Boylan.

5. Shindanisheni modeli na makisio rahisi ya "mwezi kama huu mwaka jana". Ikishindwa, andikeni imeshindwa.

6. Blokucheni, ile kumbukumbu ya kidijitali isiyofutika, ndiyo, najua mnaipenda. Lakini leja inayojazwa Ijumaa kwa kukumbuka Jumatatu, blokucheni itaihifadhi na makosa yake yote, na hakuna atakayeweza kuyafuta. Nendeni mkahesabu shelfu kwa mkono, mlinganishe na leja, na tofauti mtakayoikuta iingie sura ya tatu ya tasnifu.