Uwanja kufichwa na picha za ardhi kwenye X-Plane
Ndugu, kama uwanja wako wa ndege kwenye X-Plane (programu ya kuigiza urushaji wa ndege) ulikuwa unaonekana vizuri mpaka ulipoongeza picha za setilaiti za ardhi, usihangaike kuusakinisha upya. Shida ni mpangilio. Funga X-Plane, ingia folda ya Custom Scenery, fungua faili la scenery_packs.ini kwa Notepad. Kilicho juu ndicho chenye kipaumbele, na kifurushi kipya hujipachika juu kabisa, hata kama mahali pake ni chini. Kata mistari yote ya zOrtho4XP (ndizo hizo picha za setilaiti), ibandike chini ya viwanja na chini ya yOrtho4XP_Overlays (tabaka la barabara, majengo na miti), kisha hifadhi. Mandhari usiyoitumia usiifute. Mwanzoni mwa mstari wake badilisha SCENERY_PACK iwe SCENERY_PACK_DISABLED. Kama X-Plane inakwamakwama, hiyo ni kesi nyingine: shusha kwanza ubora wa tekscha, picha hizo zinakula mno kumbukumbu ya kadi ya michoro.