Barua kwa mwanangu: kuhusu Robinson na ukocha

Mwanangu,

Barua yako tumeipata. Mama yako hajambo, goti limetulia, na dada yako alipita juzi na watoto. Umeuliza: kama Larry Robinson alikuwa beki mkubwa kiasi kile katika hoki ya barafuni, mbona ukocha ulimshinda? Najua swali limetoka wapi. Klabu ya vijana huko Halifax inataka kukutoa kwenye usaidizi ikukabidhi timu nzima, na usingizi umekuruka.

Nianze na ule ubao unaozunguka barafu ya Forum, uwanja wa Canadiens hapa Montreal. Umeshausikia, usikie tena. Mei 1976, fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, Canadiens wetu na Flyers wa Philadelphia, timu iliyoogopwa na ligi nzima kwa ngumi zake. Mimi ndiyo kwanza nimetoka kwenye baridi yangu ya kwanza Montreal, na hoki niliitazama kwa kuwa wenzangu bwenini hawakutazama kingine. Gary Dornhoefer akaja mbio kandokando ya ubao. Robinson, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Marvelville, Ontario, mrefu futi sita na inchi nne, akamvaa kwa bega. Ubao ukabonyea! Mchezo ukasimamishwa, mafundi wakaingia barafuni na nyundo kuunyoosha. Hapakuwa na ngumi wala matusi, bega tu. Flyers walifungwa michezo minne kwa mfululizo, na mimi tangu usiku ule nikawa na timu katika nchi hii.

Msimu uliofuata Canadiens walipoteza michezo 8 tu kati ya 80. Ile hesabu ya kumwongezea mchezaji moja timu yake ikifunga naye yumo barafuni, na kumpunguzia moja ikifungwa, Robinson aliimaliza na 120 juu ya sifuri. Bobby Orr, beki wa Boston, peke yake ndiye amewahi kupita hapo. Nimekuambia tangu ulipojifunza kufunga kamba za viatu vyako vya kuteleza: kazi ya beki ni lile bao lisiloingia. Robinson alifunga mabao 208 katika ligi, si haba, lakini siyo yaliyomfanya awe Robinson. Alicheza misimu 20, 17 hapa na 3 Los Angeles, na hakuna hata mmoja ambao timu yake ilikosa mtoano.

Haya, ukocha. Machi 2000, New Jersey Devils walimwondoa kocha wao ikiwa imebaki michezo 8 msimu uishe, wakampa timu Robinson aliyekuwa msaidizi. Katika nusu fainali wakawa nyuma, michezo mitatu kwa mmoja, tena mbele ya Flyers walewale. Akaingia chumba cha wachezaji, pipa la taka likaruka, na maneno aliyowaambia yaliandikwa na magazeti kwa nyotanyota. Wakashinda mitatu iliyobaki. Kwa hiyo hao wanaokuambia alikuwa mpole mno kwa ukocha waulize habari za lile pipa.

Na usiku wa fainali kule Dallas unaukumbuka? Tarehe 10 Juni, muda wa nyongeza wa pili, wewe umelala kwenye kochi na mdomo wazi. Arnott wa Devils alipofunga bao la ubingwa nilikuamsha kwa kelele. Kisha tukamwona Robinson katikati ya barafu amevaa jezi ya Petr Sykora, mchezaji wake aliyekuwa amegongwa mapema katika mchezo ule akapelekwa hospitali. Kocha mkuu, mwenye makombe sita ya uchezaji, saa ya kushangiliwa yeye, anavaa jina la kijana aliye kitandani. Nililia, na wewe ukaniuliza kama nimeumia. Mpaka leo nikiifikiria ile jezi kifua kinajaa.

Mwaka uliofuata walipoteza fainali kwa Colorado katika mchezo wa saba, na Januari 2002 wakamfukuza. Hilo halikuniuma. Makocha hufukuzwa.

Lililoniuma ni Desemba 2005. Devils walikuwa wamemrudisha kwa sababu kocha wao, Pat Burns, alikuwa anaugua saratani. Kabla ya Krismasi akajiuzulu, akasema wazi kwamba kichwa kinamuuma na mawazo yamemwelemea. Tulikuwa mezani, wewe upande wa friji. Mjomba wako akaweka kijiko chini akasema mwanamume hakimbii kazi katikati ya msimu. Alisema anamzungumzia Robinson. Alijua vizuri mimi nilikuwa nimeacha cheo gani pale kiwandani, na daktari alikuwa ameniambia nini. Wewe uliacha kula. Mama yako akaanza kuondoa sahani ambazo bado zilikuwa na wali.

Ni kweli, wachezaji walibaki bila kocha, na msimu haukuwa umefika nusu. Mtu aliyekabidhiwa watu hawaachi njiani. Hata mimi nimelelewa hivyo, na babu yako wa Tanga angekubaliana na mjomba wako. Lakini je, angekaa, kichwa kikipasuka, akaanza kurusha mapipa kila usiku? Wale vijana wangepata nini? Nasema tena, kazi ya beki ni lile bao lisiloingia, na nadhani Robinson aliliona linakuja kabla ya wengine. Hata hivyo sijui kama ningemwambia hivyo mchezaji wake.

Hakupotea baada ya pale. Novemba 2007 Canadiens waliipandisha jezi yake namba 19 darini kwa heshima, isivaliwe tena na mwingine. Akawa msaidizi San Jose, kisha mshauri St. Louis, na mwaka 2019 St. Louis wakatwaa kombe, la kumi kwake, ukijumlisha na yale aliyokuwa msaidizi. Kwa hiyo usiniandikie tena neno "ulimshinda." Ukocha mkuu aliuacha. Kuwafundisha mabeki hakuacha.

Najua bado unangoja nikuambie ukubali au ukatae. Jibu ninalo, tena liko mdomoni, ila mama yako amesimama nyuma yangu akisoma, na ameniapisha nisikuamulie. Basi niulize tu: wale mabeki watatu unaobaki nao baada ya mazoezi, ukishakuwa kocha mkuu nani atabaki nao? Na wakuu wa klabu wamekubali kukupa msaidizi unayemtaka wewe, au watakuchagulia? Pata majibu hayo mawili kwanza, kisha nipigie Jumapili jioni.

Baba yako