Bomba la mafuta lililoliwa na chumvi: kwa anayeanza kujitengenezea gari la zamani

Mdogo wangu uliyenunua gari la zamani na unataka kulala chini yake mwenyewe badala ya kulipeleka gereji kila wiki, karibu. Mimi niko Kigoma na Hilux ya mwaka 1991, ya petroli, ya kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kabla haijanifikia ilibeba chumvi ya Uvinza kwa miaka mingi, na kazi hii nimejifunzia kwenye mabomba yake.

Chumvi haili bomba pale unapopaona. Bomba linapita ubavuni mwa chesesi likiwa limeshikwa na vibanio vya bati. Tope na chumvi hujibana kati ya kibanio na bomba, mvua inaleta unyevu, na hapo hapakauki. Nilipofungua kibanio cha pili kutoka kwenye tenki, bomba lilikuwa zima huku na huku, lakini chini ya kibanio limebaki kama ganda la yai. Nilibonyeza kwa kidole gumba, likatoboka. Kwa hiyo fungua kila kibanio, piga brashi ya waya, uangalie. Kutu ya juu inayofutika haina neno. Ukiona vishimo, bomba hilo limekwisha, hata kama leo halivuji.

Panapodondoka sipo panapovuja. Petroli hutambaa juu ya bomba mpaka ipate bolti au kona ya kudondokea. Futa bomba lote likauke, lipake poda ya mtoto, subiri. Mchirizi utaanza kuchorika kwenye poda, na mwanzo wa mchirizi ndio ugonjwa.

Upo pia uharibifu usiodondosha hata tone, na huo ulinila fedha nyingi. Gari lilikuwa likipanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni kwenda Mwanga linakata nguvu katikati ya mlima. Kwenye tambarare halina tatizo. Fundi mmoja akasafisha kabureta, nikanunua plagi mpya, hali ikabaki ileile. Kosa letu sote lilikuwa kutafuta mafuta yanayotoka wakati tatizo lilikuwa upepo unaoingia. Kwenye magari haya pampu iko kwenye injini, nayo huvuta. Kuanzia tenki hadi pampu mafuta yanavutwa, kwa hiyo ufa mdogo wa mpira upande huo hunyonya hewa injini ikinguruma. Niliweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kabla tu ya pampu, kwa dakika chache za kupima. Injini ilipopandishwa mizunguko nikaona povu dogo dogo likipita kama la soda. Mpira uliopasuka ulikuwa ule mfupi juu ya tenki, usioonekana mpaka ushushe tenki.

Sasa sikiliza hili kabla hujashika spana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu ukapotea, unashuka, unatambaa sakafuni na kujikusanya shimoni. Nyumba zetu nyingi zina jiko la mkaa uani, na saa ya kutengeneza gari ndiyo saa ya kupika. Usifanye kazi hii uani jioni. Litoe gari mahali wazi penye upepo, asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, na watu wa nyumbani wajue hakuna kuwasha moto upande huo mpaka umalize. Toa waya hasi wa betri. Weka karibu ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto wa unga. Maji usiyategemee, petroli inaelea juu yake na moto unasambaa nayo. Taa iwe tochi ya kuvaa kichwani. Balbu ya kuning'iniza ikianguka na kupasuka, cheche moja inatosha. Gari likikalia jeki peke yake, usiingie chini. Liweke juu ya stendi.

Na usinyonye petroli kwa mdomo. Najua kila mtu ananyonya, mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Hatari kubwa ni kile kiasi kidogo kinachopotea njia na kuingia mapafuni, hicho huyachoma. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kutapika kunairudisha njiani mara ya pili, na maziwa si dawa yake. Mpeleke hospitali. Tumia pampu ya mkono, ile ya kubinya, na chombo chenye kifuniko.

Kwenye mpira ndipo wengi wanapoharibu. Mpira wa maji ni rahisi na unafanana, lakini petroli huuvimbisha na kuulainisha, na vipande vyake vya ndani huenda kuziba kabureta. Soma maandishi ubavuni. Kwa kabureta tafuta J30R7, alama ya mpira wa petroli wa presha ndogo. Pampu ya kabureta husukuma kwa psi (kipimo cha presha) 3 hadi 5 hivi. Gari la EFI, lile lisilo na kabureta ambalo mafuta yake hupuliziwa kwa mfumo wa umeme, mara nyingi hupita psi 35, nalo linataka J30R9 na klipu zake zenye ukingo laini. Mpira usio na maandishi usinunue, muuzaji akuapie vyovyote.

Mpira wa zamani ukigoma kutoka usiuvute. Upasue kwa urefu kwa wembe, uufungue kama ganda. Ukiuvuta kwa nguvu unapinda bomba la chuma, na kazi imeongezeka. Mpya uingie milimita 25 hivi, klipu ikae nyuma ya kile kivimbe cha mwisho wa bomba. Kaza mpaka ishike, basi. Ukiona mpira unachomoza kwenye matundu ya klipu, umeshaukata.

Kwa bomba la chuma, badilisha kipande chote kutoka kiungo hadi kiungo. Shaba inapindika kirahisi na inavutia, lakini mtikisiko wa barabara zetu unaifanya ikakamae na kupasuka. Tumia chuma, ukikate kwa kikatio cha kuzungusha badala ya msumeno, kwa sababu unga wa msumeno unaishia kwenye kabureta. Mwisho wa bomba mpelekee mwenye mashine autengeneze kivimbe. Bomba lenye mwisho laini huachia mpira.

Tenki likitoboka usimpe mtu wa kuchomelea, hata likiwa tupu. Lililobaki ndani ni mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Tafuta jingine.

Ukimaliza rudisha betri, washa, acha injini dakika kumi. Zungusha karatasi nyeupe kwenye kila kiungo. Nusa pia. Kisha zima, ulale, na asubuhi kabla ya kuwasha uingie tena chini na karatasi yako, kwa sababu kuna viungo vinavyovuja gari likiwa limesimama tu, tenki likiwa limejaa. Safari ya kwanza nenda mpaka Mwandiga, usimame, ufunue boneti, uangalie tena kabla hujaendelea Kasulu.