Kuhamisha simu za ofisi kwenda intaneti: yaliyotukuta Tanga

Mkuu, umeuliza kama ofisi yako yenye simu sita za mezani inaweza kuhamia simu za intaneti bila kupoteza wateja. Inawezekana. Sisi tulishahama. Ni ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga, si mbali na bandari, na wateja wetu wengi wako Moshi na Arusha. Wiki za mwanzo tulihangaika mno, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Kosa la kwanza: tulipima spidi ya kupakua tu, tukasahau ya kupandisha. Simu yenyewe haili sana. Kwa mfumo wa sauti wa G.711, simu moja hutumia kama kilobiti 87 kwa sekunde kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Watu watano wakiongea kwa mpigo hawafikishi hata nusu megabiti kwa sekunde kila upande. Kinachoua mazungumzo ni sauti kuchelewa njiani. Barua pepe ikikawia sekunde mbili nani atajua? Lakini sauti ikikawia zaidi ya milisekunde 150 kutoka kwako hadi kwa mwenzako, mnaanza kukatizana maneno, na mteja anadhani unamjibu ovyo.

Aliyetuokoa ni dada yetu wa mapokezi. Alichukua daftari la kawaida, kila simu iliyokwaruza akaandika saa na jina la mteja. Baada ya siku sita nikakaa naye tukalisoma: asubuhi safi kabisa, kisha kuanzia saa tisa alasiri mistari imejaa hadi kufunga ofisi. Nikaanza kuuliza saa tisa kuna nini. Kumbe kompyuta ya mhasibu ilipangiwa kutuma nakala za akiba mtandaoni saa hiyo, na wakati huo huo vijana wanaskani nyaraka za mizigo ya siku nzima na kuzipandisha. Njia ya kutokea ilikuwa imeziba. Tukahamishia nakala za akiba saa nne usiku, na kwenye ruta tukaipa sauti kipaumbele juu ya kila kitu. Kesho yake ukurasa wa daftari ulibaki mweupe. Mkuu, anzisha daftari hilo siku ya kwanza.

La pili lilitusumbua zaidi kwa sababu hatukulielewa. Baadhi ya simu zilizoingia zilikatika zenyewe, na kila nilipotazama muda ilikuwa sekunde 32. Tukamlaumu mtoa huduma bure. Ukipokea simu, mtambo wako, yaani kifaa cha ofisi kinachoongoza simu zote, hutuma jibu la kupokea na kusubiri upande wa pili uthibitishe. Uthibitisho usipofika, baada ya sekunde 32 mtambo unakata. Ruta yetu ilikuwa na kipengele kinaitwa SIP ALG, kilichokuwa kinavuruga anwani ndani ya ujumbe huo. Tulikizima na tatizo likaisha siku ile ile. Ukiona simu inakatika kwa muda usiobadilika, au mmoja anasikia na mwenzake hasikii, anza na ruta.

Umeme sasa. Simu ya mezani ya zamani hupata umeme wake kwenye waya wa shaba kutoka kituo cha simu, kwa hiyo giza likiingia bado inaita. Za intaneti zinazimika zote. Tulinunua UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, tukaunganisha ruta na swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa simu na kompyuta, tukasahau kile kiboksi cha mkongo kinacholeta intaneti, kilichobandikwa ukutani. Umeme ulipokatika, ruta ikawaka bila intaneti. Vyote vitatu viwe kwenye UPS, na uchukue swichi inayopeleka umeme kwenye simu kwa waya ule ule wa mtandao. Pia panga kwa mtoa huduma kwamba ofisi isipopatikana, simu ihamie kwenye simu ya mkononi ya zamu.

Nywila za namba za ndani, yaani za simu ya kila meza, ziwe ndefu, na uombe simu za nje ya nchi zifungwe kama huzihitaji. Wezi wanatafuta mitambo iliyo wazi usiku, wanapiga nchi za mbali, na bili inakuja kwako.

Namba yako ya mezani ya 027 uliza kabla ya kusaini chochote kama inaweza kuhamishwa. Yetu imepakwa rangi kwenye bango na imo kwenye kila ankara, kwa hiyo laini ya shaba hatukuikata. Tuliweka kifaa kidogo kinachoichukua na kuiingiza kwenye mtambo mpya. Wateja hawakujua kama tumehama. Anza na simu moja tu kwa wiki mbili, meza yenye kazi nyingi kuliko zote, ndipo uhamishe nyingine. Na kama bado mnatumia faksi, iache kwenye shaba. Kwenye intaneti kurasa zetu zilikuwa zinafika nusu.