Glisilglisini: maswali ya wasomaji na majibu

Glisilglisini si glisini mbili tu? Kwa nini ipewe jina lake?

Ni glisini mbili kweli (glisini ni asidi amino, tofali la protini), zimeunganishwa kwa kifungo kimoja cha peptidi baada ya kutoa molekuli moja ya maji. Fomula ni C₄H₈N₂O₃, gramu 132.12 kwa moli. Emil Fischer na Ernest Fourneau waliitengeneza mwaka 1901. Ila tabia imebadilika. Katika glisini, pKa ya kikundi cha amino (pH ambayo nusu ya molekuli zimeachia protoni yake) ni 9.6 hivi. Humu inashuka hadi karibu 8.2, maana kaboksili yenye chaji hasi imesogezwa mbali na haisaidii sana kuizuia protoni isitoke. Ndiyo sababu inafaa kuwa bafa (mmumunyo unaozuia pH isibadilike sana) kwenye pH ambayo vimeng'enya vingi huipenda.

Nilitengeneza bafa ya pH 8.2. Nikiiweka kwenye friji pH inapanda. Nimekosea wapi?

Kwenye joto. pKa yake hupanda takriban 0.025 kwa kila digrii ya Selsiasi inayoshuka, kwa hiyo kutoka 25 hadi 4 pH inapanda karibu nusu ya kizio. Kwa mililita 100 za 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), pima gramu 1.32, yeyusha katika mililita 80 za maji, kisha fikisha mmumunyo kwenye joto utakalofanyia kazi. Hapo ndipo uongeze sodiamu haidroksaidi ya 1 M kidogo kidogo. Utatumia kama mililita 5. Jazia maji mwishoni. Mita ya pH nayo isawazishwe kwenye joto hilohilo. Na kama kimeng'enya chako kinahitaji shaba, tafuta bafa nyingine: hii huinyakua.

Kipimo cha biureti, cha kutambua protini, hakikutoa zambarau. Imeharibika?

Hapana. Biureti inataka angalau vifungo viwili vya peptidi, na hapa kipo kimoja. Ninihidrini, kitendanishi cha kutambua asidi amino, itatoa rangi, lakini hata glisini huru huitoa, basi zitenganishe kwanza kwa kromatografia.

Mwilini ina kazi gani?

Haiingii kwenye protini ikiwa nzima. Ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, hupokea asidi amino mojamoja. Protini inapomeng'enywa, dipeptidi kama hii hubebwa na PepT1, protini ya kusafirisha, kwenye utumbo mwembamba, pamoja na protoni, kisha hukatwa ndani ya seli. Umaarufu wake uko zaidi maabara, kwenye kipimo cha ini kinachopima kimeng'enya cha GGT: hupokea kikundi cha glutamili ambacho GGT hukihamisha, na rangi ya njano ya sehemu inayobaki husomwa karibu na nanomita 405. Ikipungua kwenye kitendanishi, mmenyuko huzorota na GGT husomeka ndogo kuliko ilivyo.